Kufunga tremolo ya gitaa la umeme ili briji itulie

Wadau, kama una gitaa la umeme la umbo la Stratocaster na ile fimbo ya kutikisia sauti huitumii, pengine hata hukumbuki ulipoiweka, nakushauri ufunge briji (kile chuma kinachoshika nyuzi kwenye bodi) isicheze kabisa. Kilichonifanya nianze kufuatilia hili ni harusi moja, tuko katikati ya wimbo uzi wa tatu ukakatika, na kwa kuwa briji ilikuwa inaelea, haijalala kwenye bodi, basi nyuzi tano zilizobaki zote zikapanda noti kwa mpigo, yaani sikupoteza uzi mmoja, nilipoteza gitaa zima na bendi inaendelea. Iliniuma sana kwa sababu kazi ya kuzuia hilo ni ya saa moja tu nyumbani na karibu haina gharama.

Kwanza uelewe linavyofanya kazi, maana bila hapo kipande cha mbao cha kuizibia utakiweka upande usiofaa. Mfumo huu ulikuja na Stratocaster ya Fender mwaka 1954, wakauita tremolo, ingawa kwa haki ni vibrato, kwa sababu kinachobadilika ni noti kupanda na kushuka na siyo sauti kuwa kubwa na ndogo, ila jina limeshazoeleka tuliache. Geuza gitaa, fungua kifuniko cha nyuma, utaona springi tatu mpaka tano zimetoka kwenye kibao cha chuma chenye skrubu mbili (kiko upande wa shingo) zikaja kushika bloku nzito ya chuma iliyoning'inia chini ya briji. Nyuzi zinavuta briji kuelekea shingoni huku mbele, springi zinavuta bloku kuelekea shingoni huku nyuma, na briji imekaa katikati kama mizani. Uzi ukikatika springi zinashinda na nyuzi zilizobaki zinapanda. Ukibendi uzi mmoja, yaani ukiuvuta kwa kidole upande juu ya noti yake, nyuzi ndio zinashinda, briji inanyanyuka na nyuzi nyingine zinashuka, ndo maana ukibendi huku umeshikilia noti nyingine unasikia mbaya hata kama kidole chako hakina kosa. Na ukitaka kushusha uzi wa sita toka E kwenda D, tano zote zinapanda, unaanza kutyuni upya kuzunguka mpaka unachoka.

Na wala si jambo la wanaoanza tu, Eric Clapton, mpiga gitaa maarufu wa Uingereza, miaka mingi kapiga Strat zenye tremolo iliyozibwa kwa kipande cha mbao na springi zote tano zikiwa mahali pake. Kwa sisi tunaopiga rumba, dansi, benga au nyimbo za kanisani, ambapo solo ni noti zinazofuatana haraka na zinatakiwa ziwe safi, sioni sababu ya kuiacha briji ielee. Kama unapiga roki na fimbo unaitumia kila siku basi usiifunge, hii haikuhusu.

Njia ya kwanza haihitaji mbao. Tyuni gitaa vizuri, chukua bisibisi ya nyota, kaza zile skrubu mbili za kile kibao cha springi, robo mzunguko huku robo mzunguko kule, usikaze moja mpaka mwisho ukaacha nyingine. Nyuzi zitapanda, zishushe zirudi kwenye tyuningi, kaza tena, shusha tena, hivyo hivyo mpaka briji ilale chapa kwenye bodi. Kama una springi tatu na skrubu zimeshakuwa ngumu usilazimishe, ongeza springi ziwe nne au tano. Kisha jaribu hivi: bendi uzi wa tatu kwa nguvu toni nzima huku uzi wa sita ukilia wazi (bila kubonyezwa), sikiliza uzi wa sita, kama unashuka hata kidogo bado springi hazitoshi. Kwa watu wengi hii inatosha kabisa na ukitaka unaishia hapo. Angalia tu waya wa ethi uliochomelewa kwa risasi kwenye kile kibao, usiukate wakati bisibisi inateleza.

Njia ya pili ni mbao na ndo ninayoipenda, kwa sababu springi peke yake hata zikiwa tano bendi nzito sana inaweza kuzishinda, mbao haishindwi. Nenda kwa seremala yeyote omba kipande cha mbao ngumu kilichobaki, mninga, mkongo, mvule, chochote kigumu, mbao laini ya boksi itabonyea baada ya muda. Mbao inakaa nyuma ya bloku, yaani upande wa kitako cha gitaa kule mkanda unakofungwa, siyo upande wa springi. Sababu ni kwamba briji ikitaka kunyanyuka mbele, chini ya bodi bloku inasukumwa kuelekea kitako, kwa hiyo ukiziba hapo haina pa kwenda, na kurudi nyuma pia haiwezi kwa sababu imeshalala kwenye bodi.

Pima nafasi iliyopo kati ya bloku na ukuta wa mbao wa gitaa wakati gitaa limetyuniwa na briji imelala, pima juu na pima chini, mara nyingi hazilingani. Usichukue kipimo cha gitaa la mwenzako, kila moja lina lake. Kata kipande kinene kidogo kuliko kipimo halafu punguza kwa msasa taratibu, unajaribu unatoa, unajaribu unatoa, hapa ndo pa kuwa na subira kwa sababu kukipunguza ni rahisi kukirudisha haiwezekani. Mishipa ya mbao ielekee toka kwenye bloku kwenda ukutani, haibonyei kirahisi ikikaa hivyo. Upana wake ukaribie upana wa bloku ili isije ikasukuma upande mmoja, na kimo chake kisizibe matundu ya kupitishia nyuzi wala kisizuie kifuniko. Kukiweka, legeza nyuzi kwanza ili zisiivute briji, chomeka mbao, kisha tyuni upya. Ikae kwa kubana tu, usipige nyundo, usipake gundi. Ikipwaya kidogo weka kipande cha kadi ya vocha kujazia.

Kuna watu baada ya kuziba wanaona springi hazina kazi tena wanazitoa zote, halafu gitaa linaanza kuvuma kwenye ampulifaya na wanalaumu pikapu (zile sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi). Nyuzi zako zinapata ethi kupitia bloku, springi na kile kibao, ukitoa springi zote umekata njia. Acha hata moja au mbili. Kama zinalia ndani ukipiga, zisokomezee sponji.

Gitaa lenye Floyd Rose (aina nyingine ya tremolo, inayobana nyuzi kwa klampu) ni tofauti kidogo, nyingi zimechimbiwa shimo ili briji ielee pande zote, kwa hiyo haiwezi kulala kwenye bodi. Hiyo inataka mbao mbili, moja nyuma ya bloku na moja mbele yake upande wa springi, na kabla hujaanza fungua zile klampu za kichwani zinazobana nyuzi, weka zile skrubu ndogo za kutyunia katikati, hakikisha briji iko sambamba na bodi ndipo upime. Ukiweka ya upande wa springi peke yake unapata kitu kingine kizuri: fimbo inashusha tu haipandishi, na uzi ukikatika nyingine hazipandi.

Ukimaliza rudia kuangalia kimo cha nyuzi. Briji iliyokuwa inaelea karibu milimita 3 nyuma ikilala, nyuzi nazo zinashuka na zinaweza kugonga freti (vile vyuma vya kukata shingo), pandisha zile sado ndogo (vipande vya briji ambavyo nyuzi hukalia) kwa aleni mpaka kelele ziishe. Halafu linganisha freti ya 12 na uzi wazi, kwa tyuna, uzi mmoja mmoja. Freti ya 12 ikisoma juu rudisha sado nyuma, ikisoma chini isogeze kuelekea shingoni, kila ukisogeza tyuni tena kabla ya kupima. Kipande cha mbao kitakachobaki kiweke kwenye begi la gitaa pamoja na bisibisi na seti ya nyuzi.