Kabla hujavuka Mutukula: kundi lako la wasafiri na safari ya Uganda

Sikukuu zikikaribia, makundi ya wasafiri ya WhatsApp huchangamka, na sisi Waswahili tunaoishi Kampala tunaanza kutajwa. "Wadau wa Kampala, niko njiani, kesho asubuhi naingia. Nipeni mwongozo." Majibu yanamiminika, mengine yanapingana, na mwenye swali hayaoni hata moja. Bando lake la nyumbani limeishia Mutukula, mpakani mwa Tanzania na Uganda, na laini ya huku hana. Kundi la wasafiri humfaa mtu kwa kadiri alivyolitumia kabla ya kuondoka. Akishavuka, linabaki la kurushia picha, labda na la kuombea msaada mambo yakiharibika. Kwa hiyo kazi kubwa ifanyike ukiwa bado nyumbani, ukiwa na chaji na muda.

Anza na namba. Namba uliyojisajilia WhatsApp ndiyo inayokutambulisha kundini, na haitegemei intaneti inatoka kwenye laini gani. Ukishaweka laini ya Uganda, programu inaweza kukuuliza kama umebadilisha namba. Kataa, uendelee na ya nyumbani. Tabu iko kwingine: simu ikiibiwa au ikilowa maji ukiwa Jinja, utatakiwa kuingia upya kwenye simu nyingine, na zile tarakimu 6 za uthibitisho zinatumwa kwenye laini ya nyumbani. Kama uliiacha kwenye droo Arusha, basi tena. Iache ndani ya simu ya laini mbili, uzime data yake, na kabla ya kuondoka uiulize kampuni yako kama laini hiyo inapokea meseji nje ya nchi na kwa gharama gani. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili na uikariri PIN yake. Ukiiandika kwenye simu ileile, mwizi ataondoka na vyote viwili.

Laini ya Uganda yenyewe haina ugumu. Wengi wetu tuko MTN au Airtel, na mgeni husajiliwa kwa pasi ya kusafiria. Hapo Wakenya hushtuka, maana tangu 2014 wanavuka Busia na Malaba kwa kitambulisho cha taifa tu, wakadhani kitambulisho hicho kitatosha kila mahali. Beba pasi. Mpakani utaitwa na vijana waliokaa chini ya miavuli wakiuza laini "iliyo tayari", yaani imeshasajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua. Wapite. Ikifungwa huna pa kulalamika, na ikitumika kwa uhalifu kabla yako, maelezo utayatoa wewe.

Sasa jambo linalowakuta wengi bila taarifa. Facebook ilifungwa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, na miaka imepita bila kufunguliwa. WhatsApp inafanya kazi kama kawaida. Lakini kama kundi lako la safari liko Facebook, na maelezo yote ya hoteli, mabasi na namba za madereva uliyoyahifadhi yako huko, ukivuka mpaka na kuweka laini ya huku ukurasa hautafunguka. Watu wengi hutumia VPN, programu inayopitisha intaneti yako nchi nyingine. Ukiamua kufuata njia hiyo, ipakue na kuijaribu ukiwa nyumbani, na ujue kwamba itakula bando na chaji, na kwamba programu ya benki inaweza kukugomea wakati imewashwa. Mimi naona rahisi zaidi kupiga picha za skrini za yale unayoyahitaji, kisha kumuuliza admini kama kundi lina tawi WhatsApp au Telegram. Mara nyingi lipo, ila halitangazwi.

Angalia na kalenda. Uchaguzi mkuu wa Uganda huja kila baada ya miaka 5, mwanzoni mwa mwaka. Februari 2016 mitandao ya kijamii ilizimwa siku ya kupiga kura. Mwaka 2021 ilizimwa intaneti yote, kuanzia jioni ya Januari 13 hadi Januari 18. Siku zile aliyekuwa na namba za watu kwenye karatasi alipiga simu ya kawaida, na aliyezitegemea WhatsApp tu alikaa kimya. Likizo yako ikiangukia majira hayo, mkubaliane mapema na mtu mmoja kundini na mmoja nyumbani kuwa mtawasiliana kwa meseji za kawaida, tena saa inayojulikana. Na hata nje ya uchaguzi, ile karatasi haina hasara.

Kuuliza nako kuna adabu yake. Swali la "gharama za kuona sokwe ni kiasi gani?" haliwezi kujibiwa, kwa sababu jibu linategemea anayeuliza ni raia wa wapi. Kibali cha kuona sokwe wa milimani, yaani gorila, kwa mgeni anayetoka nje ya Afrika ni dola 800 tangu Julai 2024. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki analipa shilingi 300,000 za Uganda, ambazo hazifiki hata robo ya hizo dola. Sasa mtu wa Tanga anauliza kwenye kundi lenye Wajerumani na Waswahili waliohamia Uingereza, anajibiwa dola 800, anavunjika moyo na kubadilisha safari. Angetaja uraia wake angeokoa likizo nzima. Taja pia mwezi unaokuja, njia utakayopita na umri wa watoto, maana walio chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kwenda kwa sokwe.

Ukipata jibu, tazama tarehe yake. Makundi yana kumbukumbu ndefu isiyofutwa. Ukitafuta nyuma utakuta watu wanaapa kuwa kibali ni dola 600, wengine 700, na wote walisema kweli kwa wakati wao. Utakuta pia ushauri wa kulipia shilingi 200 kila siku ili ufungue WhatsApp. Kodi hiyo ilianza Julai 2018 na ikaondolewa Julai 2021, ikaja kodi ya asilimia 12 iliyomo ndani ya bei ya bando. Siku hizi unanunua bando, basi. Ila kwa kuwa kodi iko humo, ingia kwenye mipangilio uzime upakuaji wa video na picha unaojiendesha wenyewe, hasa kama uko kwenye kundi la watu 1,000 wenye mapenzi na "habari za asubuhi" za maua.

Vibali vina jambo lingine la kuuliza kundini mapema: eneo. Bwindi, hifadhi ya msitu wanamoishi sokwe hao, ina lango la Buhoma, la Ruhija, la Rushaga na la Nkuringo, na kibali chako ni cha eneo moja tu. Kwenye ramani yanaonekana majirani. Kwa barabara za milimani, kulala Buhoma na kutakiwa Rushaga alfajiri ni kukosa safari. Kila kikundi cha watalii hakizidi watu 8 na hukaa na sokwe saa 1, kwa hiyo hakuna wa kukungoja. Mtu akitangaza kundini kwamba ana vibali vya kuuza kwa bei ya kutupa, mwache atangaze. Nunua kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, yenye ofisi Kamwokya hapa Kampala, au kwa kampuni ya utalii iliyosajiliwa.

Huko milimani mtandao hukatika bondeni na kurudi mgongoni mwa kilima. Pakua ramani za nje ya mtandao kabla ya kutoka Kampala, na uwaambie wenzio kuwa ukimya wa siku nzima si habari mbaya. Ukiwa Kisoro, simu inaweza kudaka mnara wa Rwanda bila kukuuliza na kuanza kukukata pesa za nje ya nchi. Chagua mtandao wa Uganda mwenyewe badala ya kuiachia simu. Mutukula kuna mchezo huohuo na minara ya Tanzania. Plagi hazina shida, ni zile za miguu mitatu za nyumbani, lakini umeme wa lodji nyingi za porini ni wa saa chache jioni, kwa hiyo beba pawabanki.

Kuhusu picha, sina upole sana. Mfano Ziwa, hifadhi ya faru iliyoko Nakasongola, njiani kuelekea Murchison Falls. Majangili waliwamaliza faru wa porini wa Uganda kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980, na hawa waliopo wanalindwa na askari. Picha ya faru yenye alama ya mahali alipo, ikirushwa papo hapo kwenye kundi la watu usiowajua, ni zawadi kwa mtu asiyestahili. Ukituma picha WhatsApp kwa njia ya kawaida, maelezo ya mahali yaliyofichika ndani yake huondolewa. Ukiituma kama faili ili isipoteze ubora, yanakwenda nayo. Zima alama ya mahali kwenye kamera kabisa. Usipige picha wanajeshi wala bwawa la Nalubaale pale Jinja, hata kundi likusihi vipi. Watoto wa kijijini nao wana wazazi: marekebisho ya sheria ya matumizi ya kompyuta ya 2022 yalikataza kusambaza habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi. Na adabu ya kawaida ilishakataza kabla yake.

Kisha watu wenyewe. Katika kundi lote, tafuta wawili au watatu walioko Uganda kweli, uzungumze nao kwa simu wiki moja kabla, uwasikie sauti. Hao ndio watakaokufaa. Mkikutana mara ya kwanza, iwe mchana mahali penye watu, na mwanakundi mwingine ajue uko na nani. Dada anayesafiri peke yake asione aibu kulisema hilo wazi, mwenyeji wa maana hatachukia. Mtu yeyote akikuomba zile tarakimu 6 "alizozituma kwako kwa bahati mbaya," anataka akaunti yako, hata kama ombi limetoka kwenye namba ya rafiki. Ukimpa, jioni hiyohiyo mama yako atapokea ujumbe kwa jina lako: "Mama shikamoo, nimekwama Mutukula, nitumie pesa kwa namba hii." Mwambie kabla ya kuondoka kuwa ombi la pesa kutoka kwako lisifuatwe mpaka asikie sauti yako, na mchague swali moja ambalo jibu lake mnalijua nyie wawili tu.

Siku ya kurudi, andika kundini bei ulizolipa, tarehe na uraia wako, ukiwa bado na bando. Na salio la pesa za simu lililobaki kwenye MoMo ya MTN au Airtel Money litoe kwa wakala upande huu wa mpaka, maana ng'ambo ya pili mawakala wana mitandao yao.