Kabla Hujaandika Aya ya Kiingereza: Mambo ya Kuweka Sawa

Insha yangu ya kwanza ndefu kwa Kiingereza ilirudi ikiwa na alama nyekundu chache kuliko nilivyoogopa. Nilikuwa nimejiandaa kukosolewa tahajia na nyakati za vitenzi. Badala yake, pembeni mwa karibu kila aya mwalimu alikuwa ameandika maneno mawili tu: "So what?" Yaani, kwa hiyo? Nilikasirika. Sarufi ilikuwa safi, msamiati nilikuwa nimeuchimba kwenye kamusi mchana kutwa, na bado mtu ananiuliza kwa hiyo! Ilinichukua muda kukiri kwamba swali lilikuwa la haki. Kila aya ilikuwa na sentensi tano sita zilizonyooka, lakini hakuna iliyokuwa ikielekea mahali.

Tangu hapo sina shaka kwamba aya ya Kiingereza huharibika kabla haijaanza kuandikwa. Mtu aliyekaa mezani bila kujua anataka kusema nini haokolewi na "moreover" wala "furthermore". Kwa hiyo haya ninayoyaeleza ni ya kabla, karatasi ikiwa bado nyeupe.

La kwanza, na ndilo kubwa: uwe na dai, si mada tu. Tukipewa kichwa kama "kusoma usiku", wengi wetu tunaanza kukusanya kila tunachojua kuhusu kusoma na kila tunachojua kuhusu usiku. Hiyo ni mada, na mada haina upande. Dai lina upande: kusoma usiku wa manane kunamgharimu mwanafunzi kuliko kunavyomfaidi. Namna ya kulipima ni rahisi. Mwambie mtu sentensi yako. Akikujibu "kwa nini?" au "mbona mimi huwa nafaulu?", una kitu cha kujaza aya. Akisema "ehee" tu na kuendelea na shughuli zake, bado unazunguka kwenye mada.

Dai hilo si lazima lizaliwe kwa Kiingereza. Mimi mpaka leo huliandika kwanza kwa Kiswahili juu ya karatasi, maana nikilazimisha Kiingereza mapema naishia kusema ninachoweza, si ninachotaka. Lakini usivuke hapo. Ukiandika aya nzima kwa Kiswahili kisha ukaitafsiri sentensi kwa sentensi, nguo ya kuazima haisitiri maungo. Msomaji wa Kiingereza ataona mishono yote.

Je, sentensi ya dai ikae mwanzoni? Walimu wengi watakuambia ni lazima, kana kwamba sheria hiyo imeshuka kutoka mbinguni. Haikushuka. Mskoti Alexander Bain, profesa wa Aberdeen, ndiye aliyezipanga kanuni za aya ya Kiingereza mwaka 1866, na mojawapo ilikuwa kwamba sentensi ya kwanza, isipokuwa ile ya kuandaa tu, ionyeshe aya inahusu nini. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1974, Mmarekani Richard Braddock alizipitia makala za waandishi wa kulipwa katika majarida ya kwao, akakuta ni takriban asilimia 13 tu ya aya za ufafanuzi zilizoanza na sentensi ya namna hiyo. Wazoefu wanaificha, wanaichelewesha, wakati mwingine wanaiacha msomaji aikisie. Hata hivyo ushauri wangu kwa anayejifunza ni uitangulize. Mzoefu anajua anachokificha. Sisi wengine tukiificha, mara nyingi ni kwa sababu hatujaipata.

Pili, jua unamwandikia nani na una nafasi kiasi gani. Barua pepe ya kazini inatosheka na aya ya sentensi mbili. Mtihani ni habari nyingine. Sehemu ya pili ya jaribio la kuandika la IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa kupima Kiingereza, kwa mfano, inataka maneno yasiyopungua 250, na muda unaoshauriwa ni dakika 40. Ukitoa utangulizi na hitimisho, unabaki na nafasi ya aya mbili za kati, kila moja kama maneno 80 hadi 100. Hizo ni sentensi tano au sita. Ukijua hivyo mapema huwezi kuingia na hoja nne. Na kwa kuwa robo ya alama za kuandika katika jaribio hilo hutolewa kwa mpangilio na mshikamano wa hoja, dakika tano za kupanga kabla ya kuandika si muda uliopotea hata kidogo.

Tatu, kusanya malighafi, halafu tupa nusu yake. Chini ya dai lako weka sababu moja, jambo moja linaloonekana kwa macho, na matokeo yake. Yakibaki mengine mazuri, yaandalie aya nyingine au yaache. Kutupa kunauma, najua.

Sasa tuitazame aya yenyewe kwa karibu. Hii ni ya aina niliyokuwa nikiiandika:

"Many students study at night. Night is very quiet. Sleep is important for health. There are many advantages and disadvantages of studying at night. This makes them tired. In the morning they can fail to concentrate."

Tafuta kosa la sarufi, hulioni. Lakini jaribu kubadilisha nafasi ya sentensi ya pili na ya tatu. Hakuna kinachovunjika! Hiyo ndiyo dalili ya ugonjwa: sentensi zinazoweza kupishana kama watu kwenye foleni hazijashikana. Tena, hiyo "this" ya sentensi ya tano inarudi kwenye nini? Kwenye usingizi? Kwenye faida na hasara? Msomaji anabaki anatafuta. Tazama hii nyingine:

"Studying late at night often costs students more than it gives them. The house is quiet after midnight, so the first hour feels productive. By the second hour, however, a tired reader goes over the same page two or three times and remembers little of it. The loss continues the next morning, when the same student sits in class half asleep and misses the lesson that would have made the reading easier."

Hapa hakuna neno gumu kuliko yale ya mwanzo. Kilichobadilika ni mwendo. Sentensi ya kwanza inatoa dai. Ya pili inakubali kwamba usiku una raha yake, maana msomaji angeuliza tu. "The first hour" inaalika "the second hour", na "the loss" inabeba kwa neno moja yote yaliyosemwa kabla yake, kisha inayapeleka asubuhi. Kila sentensi inaanza na kitu ambacho msomaji ameshakishika, na kuishia na kipya. Ukijifunza jambo moja tu kutoka kwenye aya hii, liwe hilo la kuanza na kinachojulikana. Kiunganishi cha wazi kati ya sentensi na sentensi ni kimoja tu, "however", na kimewekwa kwa sababu mwelekeo unageuka kweli. Vigezo vya IELTS vyenyewe hutaja matumizi ya viunganishi yaliyozidi kuwa ni udhaifu, kwa hiyo ile tabia ya kuanza kila sentensi na "Moreover" si pambo.

Nne, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu vitabu vingi vya Kiingereza havikuandikwa kwa ajili yetu: jua mahali Kiswahili kilipokudekeza. Sisi tuna ngeli. Nikisema "mwalimu aliweka kitabu juu ya meza, kikaanguka", hakuna anayeuliza kilichoanguka, "ki" imeshajibu. Ingekuwa meza ningesema "ikaanguka". Sasa peleka sentensi hiyo kwa Kiingereza: "The teacher put the book on the table and it fell." Kimeanguka kitabu au meza? "It" haisemi. Vivyo hivyo hiki, huu, haya, hili na hii, vyote vyenye alama ya kutuonyesha vinarejea kwenye nini, vikifika Kiingereza vinakuwa "this" au "these" basi. Ule uzi tuliozoea kuuona bila juhudi unakatika, na sisi wenyewe hatuoni kwamba umekatika, kwa kuwa vichwani mwetu ngeli bado inafanya kazi.

Dawa yake iandae mapema: usiache "this" itembee peke yake mwanzoni mwa sentensi. Ipe nomino ya kuishika mkono. This habit, this delay, this cost, this change, this claim. Mimi niliandika nomino kama kumi za namna hiyo nyuma ya daftari, nikawa nazichungulia kila nikikwama. Baada ya muda sikuhitaji kuchungulia.

Jambo la pili tunalodekezwa ni "ka". "Akaamka, akanawa uso, akatoka" ni Kiswahili kitamu. Mkato unatosha kwa sababu "ka" yenyewe inafunga tendo kwa tendo. Mwenye kuandika "He woke up, he washed his face, he left" amefanya kosa ambalo wasahihishaji wa Kiingereza wanalijua kwa mbali: sentensi kamili zilizogandishwa kwa mkato. Weka nukta, au weka "and" kabla ya tendo la mwisho na uondoe "he" za ziada. Tena "ka" haina wakati wake yenyewe. Inauazima kwa kitenzi kilichotangulia. Ndiyo maana tukiandika kisa kwa Kiingereza tunaanza na wakati uliopita, katikati tunateleza kwenye wakati uliopo, mwishoni tunarudi. Kabla hujaanza, amua aya hii ni ya wakati gani na uandike kwenye kona ya karatasi: "past" au "present". Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini imeniokoa mara nyingi.

Na ile "ingawa... lakini" yetu? Kwa Kiswahili huisikia kila siku na haimchomi mtu. Kwa Kiingereza, ukishasema "although", "but" haina kazi tena. Chagua moja.

Kuhusu kamusi na programu za kusahihisha nitasema kidogo. Kamusi iwe ya Kiingereza kwa Kiingereza, yenye sentensi za mfano, ili uone neno linakaa na maneno gani. Programu ya kusahihisha itakukamatia "advices" na "informations", maana Kiingereza kinayahesabu maneno hayo kama maji, hayana wingi. Haitakuambia kwamba aya yako haina dai. Ile aya mbovu ya hapo juu ingepita ikichekelea.

La mwisho la kuandaa ni muda wa kuiacha aya ipoe. Hata dakika kumi. Ukirudi, isome kwa sauti. Pale ulimi unapojikwaa ndipo sentensi ilipojipinda, na pale pumzi inapokuishia ndipo nukta ilipokosekana. Kama ni insha yenye aya kadhaa, fanya jaribio hili pia: funika kila kitu kwa karatasi, uache sentensi ya kwanza tu ya kila aya, kisha uzisome kwa mfululizo. Zikisomeka kama hoja moja inayosogea, uko salama. Zikisomeka kama vichwa vya habari vya magazeti tofauti, rudi kwenye dai kabla hujagusa koma yoyote.

Ile insha yangu ya kwanza niliihifadhi, na miaka ilipopita nikaifanyia jaribio hilo. Ilikuwa na aya tano. Tatu zilianza na "Nowadays".