SOMO: Jinsi ya kutengeneza plei ya kuzuga kwenye futiboli ya Kimarekani

Haya wakuu, niliahidi somo hili kitambo. Kwa wasionijua, niko Ohio huku, namsaidia kocha wa watoto wa miaka 11 na 12, futiboli ya kuvaa helmeti. Wengi wanadhani plei (shambulizi moja lililopangwa) ya kuzuga ni kuchora mishale kibao mpira upite mikononi mwa watu watano. Wapi. Ukitaka kumuuza beki, mzoeshe kwanza bidhaa halali.

1. Anza na plei ya kweli. Mfano ranibeki, yule mkimbiza mpira, anapewa mpira anakimbia nao nje kulia. Irudieni mara tatu nne kwenye mechi, hata ikileta yadi 3 poa tu. Kama kukimbia kulia kwenyewe hamuwezi nani atahangaika mkijifanya mnakimbia kulia?

2. Chagua wa kumpoteza maboya. Mmoja tu, wote 11 huwawezi. Mimi namlenga lainibeka, yule anayesimama nyuma ya wale manene wa mbele, maana wengi wamefundishwa kumsoma gadi, yaani yule wa pembeni ya senta (anayeutoa mpira nyuma kuanzisha plei), gadi akichomoka kwenda kulia lainibeka naye huyo kulia, miguu imetangulia akili. Kwa hiyo muongo wangu mkuu ni gadi, mtoto ambaye hata mama yake hajui afurahi lini, na ndo nakaa naye mazoezini kuliko wote.

3. Sekunde 2 za mwanzo zifanane na plei ya kweli. Hatua zilezile, kasi ileile. Kwotabeki, yule anayepokea mpira kwanza na kupiga pasi, ajifanye anampa ranibeki mpira kumbe kabaki nao. Ranibeki asiye na mpira ainame, akumbatie tumbo kwa mikono yote miwili kama kaficha mkate, na aendelee kukimbia mpaka aangushwe. Asipoangushwa hajazuga. Kwotabeki ageuzie difensi mgongo, mpira auweke pajani, ahesabu moja, mbili, ndo ageuke, hapo taiti endi, yule wa mwisho wa laini anayeruhusiwa kudaka, ameshapita nyuma ya lainibeka yuko peke yake, apigiwe pasi.

4. Sheria. Wachezaji 7 kwenye laini, pale mpira unapoanzia. Mkihamahama wote mtulie sekunde 1, baada ya hapo ruksa mmoja tu kutembea. Pasi ya mbele ni moja kwa plei, za nyuma pigeni mpaka mchoke. Wale watano wa katikati ya laini hawadaki pasi na wasikimbilie mbele kabla haijapigwa.

Mfano mtamu ni Super Bowl (fainali ya ligi kuu ya huku, NFL) ya Februari 4, 2018, Philadelphia Eagles na Patriots. Dauni ya nne, yaani jaribio la mwisho, imebaki yadi 1 kufika mstari wa goli, sekunde 38 kwenda mapumziko, Eagles wanaongoza 15-12, wangeweza kupiga teke wachukue pointi 3 zao. Kwotabeki Nick Foles akasogea kwenye laini kama anaenda kuwabadilishia wenzake maelekezo, akasimama pale. Snapu, ule mpira wa senta, ikaenda moja kwa moja kwa ranibeki Corey Clement, akamrushia Trey Burton, Burton akampigia pasi Foles mwenyewe ambaye hakuna aliyemjali, tachidauni, yaani goli lao la pointi 6. Na Burton hakuokotwa tu, chuoni alishacheza kwotabeki.

5. Ficheni dalili. Msimu uliopita risiva (mdakaji wa pasi) wetu alijua mpira unamjia, akajifuta mikono kwenye suruali kabla ya snapu, kitu ambacho hajawahi kufanya maisha yake. Katoto ka upande wa pili kakapiga kelele "ni yule!" Tukapoteza yadi 9. Siku hizi wote wanajifuta, kila plei 😂

MASWALI

— Kocha, kwa mechi moja nifanye ngapi?
Hii ya kujifanya unakimbia hata kila robo, hasa dauni ya pili imebaki yadi 1 au 2, maana hapo wanategemea mbio kweli. Ya mbwembwe kama ya Foles moja tu, inatosha.

— Shikamoo kocha, huu si ndo udanganyifu wenyewe, refa anaangalia tu?
Marahaba dada. Kuzuga kwa mwendo ruksa. Kuficha mpira ndani ya jezi au kujifanya unatoka kwenye sub halafu unabaki, hapo ni faulo.

— Mkuu hata Patriots si walijaribu mechi hiyohiyo?
Ndio, tena mapema zaidi. Danny Amendola alimpigia Tom Brady pasi, Brady yuko wazi kabisa, ukamgonga vidole ukaanguka. Plei ilifanya kazi yake yote kaka, mikono ndo ikagoma. Kwotabeki wako mpimie kudaka kabla hujamchorea chochote.

— Sisi tunacheza flegi (ya kunyofoa kitambaa kiunoni badala ya kuangushana) ya watu 5, hatuna gadi wala lainibeka. Inafaa?
Inafaa sana. Kwenye flegi hata senta anadaka. Akishatoa snapu asimame kizembe kama kamaliza kazi, ahesabu mbili, ndo achomoke upande ambao hakuna mtu.