Spätzle: chovya ubao kwenye maji ya moto kwanza

Ukipika Spätzle, zile tambi fupi za mayai za Waswabia wa kusini mwa Ujerumani, kwa kukwangua na kisu, chovya ubao na kisu kwenye maji yanayochemka kabla ya kupakaza rojo, na urudie kila baada ya mikwanguo michache. Mimi nilikuwa nanyunyizia unga ubaoni kama wa kusukumia chapati; kumbe nazidisha ugumu tu. Utando wa maji ndio unaozuia rojo lisigande, likateleza lenyewe hadi sufuriani.

Rojo lenyewe: unga wa ngano gramu 400, mayai 4, maji mililita 150 hadi 200, chumvi kijiko cha chai. Lipige kwa mwiko mpaka litoe mapovu na livutike bila kukatika upesi, kisha liache dakika 20. Pakaza vijiko viwili vitatu tu kwa wakati, kwangua nyembamba juu ya maji ya chumvi, na zikielea uziopoe.

Hila hii inashindwa rojo likiwa jepesi kama la chapati za maji: zitasambaratika sufuriani, hata ubao ulowe vipi. Tupia kipande kimoja cha majaribio. Kikiyeyuka, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Watu wa Allgäu, eneo la milima kusini mwa Ujerumani, huzipanga na jibini na vitunguu vya kukaanga, wakaziita Kässpatzen. Hizo ndizo ninazozipenda zaidi.