Kugonga kwa Mbele kwenye Gari la Kale: Kukamata Chanzo na Kukitengeneza

Gari la kale likianza kugongagonga mbele, usikimbilie kununua vipuri. Sauti husafiri kwenye chuma. Linki ya stebilaiza (fimbo fupi inayoshika ba ya kuzuia gari kulala kwenye kona) iliyolegea upande wa kushoto inaweza kusikika kana kwamba iko chini ya kiti cha dereva upande wa kulia, na bodi zima likaitikia kama ngoma. Usifungue kitu cha kubadilisha kabla hujakishika kikicheza mkononi mwako.

Sikiliza kwanza

Toa jeki, spana na tairi la akiba ndani ya gari, kagua kama betri na lachi ya boneti zimebana, kisha tikisa bomba la ekzosi likiwa limepoa. Vitu hivi husingiziwa kuwa sespensheni mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Baada ya hapo endesha kwa kilomita 15 hadi 20 kwa saa, vioo vikiwa chini, kando ya ukuta mrefu ukiupata, kwa sababu ukuta hukurudishia sauti ya gurudumu la upande huo.

Mlio mwepesi wa chuma, wa harakaharaka kwenye vijiwe vidogo, hutoka kwenye linki za stebilaiza, pedi za breki au bati la kukinga vumbi nyuma ya diski. Kishindo kizito gurudumu linapoingia shimoni kinaelekeza kwenye bushi (mipira ya kwenye viungo) za shokapu, bushi za mikono ya chuma inayoshika gurudumu, au bolijointi, kiungo cha gololi kinachounganisha mkono na gurudumu. Ukisikia "kong" moja unapokanyaga breki na nyingine gari linapoondoka, angalia bushi za mkono wa chini, za fimbo inayozuia mkono huo kwenda mbele na nyuma, na bolti za kalipa. Kugonga unapozungusha usukani gari likiwa limesimama ni dalili ya tairodi (fimbo ya stelingi inayogeuza gurudumu), kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) au beringi ya juu ya strati (nguzo yenye shokapu na springi pamoja).

Kuna majaribio mawili yasiyogharimu chochote. La kwanza: ukipita palepale panapolia, gusa pedali ya breki kidogo sana. Mlio ukikatika, ni pedi zinazocheza ndani ya kalipa. Safisha sehemu zinamokaa na urudishe springi au pini zilizopotea. La pili: fungua linki zote mbili za stebilaiza, funga ba kwa waya isiguse kitu, kisha zunguka polepole karibu na hapo. Ukimya ukirudi, umebakiwa na linki na mipira inayoshika ba kwenye chesisi tu. Usiende mbali wala kwa kasi, maana gari litalala sana kwenye kona.

Kuinua gari na kutafuta ulegevu

Weka kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, legeza nati za gurudumu kidogo likiwa bado chini, inua, kisha kalisha gari juu ya stendi kwenye sakafu ngumu. Jeki peke yake haitoshi, na matofali hupasuka bila kutoa onyo.

Mahali unapoweka jeki ndipo wengi wanapokosea. Bolijointi inayobeba uzito haiwezi kuonyesha ulegevu ikiwa springi bado inaibana. Springi ikikaa juu ya mkono wa chini, inua kwa kuweka jeki chini ya mkono huohuo, karibu kabisa na gurudumu. Springi ikikaa juu ya mkono wa juu, weka kipande cha mbao kigumu kati ya mkono huo na chesisi ili usishuke, kisha inua kwa chesisi. Gari la strati za MacPherson huinuliwa kwa chesisi, gurudumu likining'inia. Ukipuuza hili, bolijointi iliyokwisha itaonekana nzima, na utabadilisha kila kitu isipokuwa yenyewe.

Shika gurudumu juu na chini, livute na kulisukuma. Likicheza, mwambie msaidizi akanyage breki. Ulegevu ukitoweka, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni bolijointi au kingpini. Kisha shika kushoto na kulia: kinachocheza hapa kwa kawaida ni tairodi, au kiungo kingine cha stelingi. Mwisho, ingiza mtaimbo chini ya tairi na ulinyanyue kwa mikupuo mifupi huku ukitazama bolijointi.

Macho hayatoshi kwa ulegevu mdogo. Weka ncha za vidole viwili zikivuka kiungo, nusu ya kidole kwenye mkono na nusu kwenye stabaksi (chuma kinachobeba gurudumu), huku msaidizi akiutikisa usukani kushoto na kulia kwa sentimita chache. Kiungo kizima kinatembea chote pamoja. Kilichokwisha kinakupiga vidole, "tik", kabla upande wa pili haujafuata. Weka vidole mbali na mizunguko ya springi.

Tazama pia rangi. Unga mwekundu wa kutu kuzunguka bolti, au chuma kinachong'aa pembeni mwa washa, ni ushahidi kwamba vitu viwili vinasuguana pasipotakiwa. Chunguza ncha ya chini ya springi kwa tochi: kipande kilichokatika hubaki kimekaa kwenye kikombe chake na kulia kwa miezi bila gari kuinama sana.

Kutengeneza

Anza na kilicholegea kabla ya kilichokwisha. Shokapu zenye pini juu hushikwa na mipira miwili na washa za kikombe. Mpira ukisinyaa, nati inabaki imekaza hewa, na kishindo chake kinafanana kabisa na cha bolijointi. Weka mipira mipya, kaza mpaka mpira uvimbe kufikia ukingo wa washa, kisha funga kwa nati ya pili. Kwenye strati iliyowekwa shokapu mpya ya ndani na ikaanza kugonga palepale, kosa ni nati kubwa ya juu: haiibani shokapu kwa sababu shokapu hiyo mpya ni fupi kuliko ya zamani na inahitaji washa ya kuijazia chini. Shokapu za mkono (boksi la mafuta lenye mkono wa chuma), za yale magari ya Uingereza ya zamani, hukaguliwa bolti zake kwenye chesisi na kujazwa mafuta yake.

Bolijointi na tairodi hukaa kwenye tundu la koni. Legeza nati mizunguko michache bila kuitoa, egemeza nyundo nzito upande mmoja wa jicho la chuma, piga upande wa pili kwa nyundo nyingine. Mapigo mawili matatu, inaruka. Uma wa kung'olea nao unafanya kazi lakini huchana buti la mpira, kwa hiyo utumie pale tu unapotupa kiungo. Koni irudi ikiwa safi na kavu, bila grisi. Tundu la spliti pini lisipolingana, kaza mbele kidogo. Usirudishe nyuma kamwe. Kwa tairodi, piga alama na hesabu mizunguko unapoifungua.

Bushi ndizo zinazoharibiwa zaidi na mafundi wenye haraka. Bushi yenye ganda la chuma ndani na nje haizunguki. Mpira wake ndio unaojipinda kila mkono unapopanda na kushuka. Ukikaza bolti wakati mkono unaning'inia, gari likishuka mpira unakuwa umeshapindwa tangu mwanzo, nao unachanika mapema sana. Kwa hiyo zibane kwa mkono tu, shusha gari, lisukume juu na chini mara kadhaa, ndipo ukaze kwa spana ya torki kwa kipimo cha kitabu cha gari lako. Kuzitoa, tumia bolti ndefu, bomba la kupokea na soketi, au jiliwa. Kabla ya kutoa, chora mwelekeo wake kwa chaki kama mpira una matundu. Kuzilainisha wakati wa kuingiza, tumia maji ya sabuni. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira. Bushi za poliyurethane hutaka grisi ya silikoni.

Kutoa springi ni suala jingine kabisa. Bila kifaa cha kuibana, na bila jeki kushikilia mkono wa chini, springi hutoka kwa nguvu ya kuua.

Beringi za teipa (beringi za gurudumu zenye umbo la koni): kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kuwa zito, ilegeze, kisha ikaze kwa vidole tu na uweke spliti pini mpya. Ulegevu wa milimita 0.03 hadi 0.13 ni wa kawaida kwa magari mengi ya aina hii, lakini MGB na mengine hupangwa kwa shimu (vibati vyembamba vya kujazia), na hapo njia ya vidole haifai.

Magari mawili yanahitaji neno lake. Kwenye Mini, gonga kavu la mbele mara nyingi ni kile kigololi kinachokaa ndani ya kikombe cha nailoni chini ya koni ya mpira inayofanya kazi ya springi. Kikikauka grisi, kikombe huliwa. Kwenye Triumph Herald na Spitfire, troniani ya chini (kiungo chenye nyuzi za skrubu ambacho gurudumu hugeukia) hulishwa oili ya gia ya EP90, si grisi. Grisi huganda, maji yanaingia kwenye nyuzi, chuma kinaliwa na kutu, na siku kinapokatika gurudumu linalala chini ya bodi.

Badilisha vipuri kwa jozi, kushoto na kulia, kisha peleka gari likapimwe alaimenti. Chora mstari wa rangi kutoka kila nati hadi kwenye chuma inapokaa. Baada ya kilomita 100 ingia chini na tochi: mstari uliokatika unakuonyesha nati iliyozunguka.