Shamba darasa la mahindi, hatua kwa hatua (kwa wote wanaonipigia kila Oktoba)

Wakuu, kila mvua ikikaribia simu yangu haipoi, na swali ni lile lile: "Kikundi chenu cha Mbozi mlikianzaje?" Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, na wengine nimewapa nusu ya maelezo bila kujua. Naandika yote hapa. Shamba darasa ni shamba la pamoja ambapo wakulima hujifunza kwa kujaribu na kulinganisha wenyewe. Ukishasoma, uliza.

1. Watu. 25 hadi 30, majirani, wanaolima kwa mikono yao. Kama anayeshika jembe nyumbani ni mama, aje mama, si mumewe kwa niaba yake.

2. Washirika. Anza na afisa ugani wa kata. Kupitia kwake andikeni barua kituo cha utafiti kilicho karibu. Sisi tuliandika TARI Uyole (kituo cha Uyole, Mbeya, cha taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo). Muuza pembejeo awe wa mwisho. Sisi kampuni moja ilituletea mbegu na mbolea bure, na katikati ya msimu ikataka kila mwanachama anunue kwake tu. Tulirudisha kilichobaki. Sasa kila mshirika anasaini karatasi moja: analeta nini, mavuno ni ya nani, na matokeo yanatangazwa na nani. Matokeo hutangazwa na kikundi.

3. Siku. Mara moja kwa wiki, asubuhi, isigongane na mnada.

4. Mtihani wa mwanzo. Chomeni vijiti shambani, kila kimoja na kitu halisi: jani lililoliwa, mdudu hai, mche wenye njano. Kila mtu apige kura: huyu mdudu ni adui au rafiki? Asiyejua kusoma naye anajibu. Rudieni mwisho wa msimu muone mlichojifunza.

5. Vipande vya kulinganisha. Hapa ndipo tulipoharibu mwaka wa kwanza, kwa hiyo someni taratibu. Tulikuwa na vipande viwili. Kimoja tulilima kwa mazoea yetu. Cha pili tuliweka kila kizuri kwa pamoja: mbegu chotara, mbolea ya kupandia (DAP), mbolea ya kukuzia (urea), nafasi mpya, palizi mbili. Mahindi yakastawi, watu wakapiga makofi. Msimu uliofuata mzee mmoja wa kikundi aliuza mbuzi akanunua mbegu chotara peke yake, mbolea hakuwa na uwezo nayo. Alivuna vibaya, akatuuliza mbele ya wote, "Sasa kilichozaa pale kilikuwa nini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tulibadilisha mambo matano kwa mpigo, hatukujua lipi lilifanya kazi. Tena kile kipande kizuri kilikuwa palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani, na hatukuliwaza hilo kabisa. Yule mzee alipoteza mbuzi kwa uzembe wetu, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Basi: kipande kimoja, badiliko moja. Kama mnapima mbolea, basi mbegu, tarehe ya kupanda, nafasi na palizi viwe sawa kote. Eneo liwe la udongo mmoja. Waulizeni wazee palikuwa na nini, na epukeni kichuguu, zizi la zamani na kivuli cha mti. Kila kipande kiwe mita 12 kwa 12, lakini mavuno mpime ya mita 10 kwa 10 za katikati, kwa sababu mistari ya pembeni hupata jua na nafasi zaidi, itawadanganya. Nafasi yetu ni sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo. Na kila jaribio lirudiwe angalau mara mbili, sehemu mbili za shamba.

6. Kukagua. Kila wiki, makundi ya watu watano watano. Wanakagua mimea kumi, wanachora walichokiona kwenye karatasi kubwa, wadudu waharibifu upande mmoja na walinzi (wadudu wanaokula waharibifu) upande wa pili, kisha kikundi kinaamua la kufanya. Afisa ugani anauliza maswali. Asihutubie.

7. Kupima. Mkishavuna, kausheni vipande vyote sawasawa, pukuchueni, pimeni kwa mizani. Debe halifai. Kilo za zile mita 10 kwa 10 zidisheni mara 40, mtapata makadirio ya ekari.

8. Waiteni majirani waone kabla ya kuvuna.

MASWALI

– Mkuu, naomba namba ya mfadhili wenu.
Hatuna mfadhili. Hatua ya 2.

– Ekari moja inatoa faida shilingi ngapi?
Sijui shamba lako, mbolea utainunua bei gani, wala utauza mwezi gani. Hatua ya 7 ipo ili ujipigie hesabu mwenyewe.

– Haya mambo ya shamba darasa ni miradi ya wazungu, wakiondoka yanakufa.
Ndugu, yalianzia mashamba ya mpunga Indonesia mwaka 1989, FAO (shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa) ikishirikiana na serikali yao. Wakulima walikuwa wanapiga dawa mno, dawa ikaua wadudu walinzi, na mdudu wa mpunga akazidi. Serikali ilishapiga marufuku aina 57 za viuatilifu kwenye mpunga mwaka 1986. Kilichobaki kilikuwa mkulima ajue kusoma shamba lake. Kwetu daftari tunalo wenyewe na ardhi ni yetu.

– Shikamoo kaka. Sisi akina mama huku tunachanganya mahindi na maharage. Tutalinganishaje, maana hatuvuni kitu kimoja?
Marahaba dada, swali zuri sana hili. Wekeni vipande vitatu: mahindi peke yake, maharage peke yake, na mchanganyiko. Tuseme mahindi peke yake yametoa kilo 50, maharage peke yake kilo 15, na mchanganyiko umetoa mahindi 40 na maharage 6. Gawa 40 kwa 50, unapata 0.8. Gawa 6 kwa 15, unapata 0.4. Jumlisha: 1.2. Maana yake ekari moja ya mchanganyiko imewapa kile ambacho mngehitaji ekari moja na robo kasoro kidogo kukipata mkitenganisha. Ikishuka chini ya 1, tenganisheni. Andikeni na siku za palizi, maana kwenye mchanganyiko jasho ni la mama. Mkimaliza msimu niletee namba zenu, natamani kuziona.

– Viwavijeshi vamizi je? Dawa gani?
Kwanza kagua. Mayai hukaa kwa mafungu kwenye majani, yanapondwa kwa vidole. Kiwavi akishaingia ndani kabisa ya moyo wa mhindi (majani machanga yaliyojikunja katikati) dawa haimfikii vizuri. Dawa muulize afisa ugani aje aone.

– Kwenye hatua ya 7, nitajuaje yamekauka sawa wakati sina kipimo?
Chukua chupa kavu yenye kifuniko, weka mahindi robo ya chupa na chumvi vijiko viwili, tikisa, acha dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda pembeni, bado. Ikianguka yote chini, yamekauka.

– Nimejaribu, inaganda kila mara hata mahindi ya mwaka jana.
Chumvi yako ina unyevu. Ianike juani kwanza.