Kutazama Beyond Citizen Kane ukiwa na saa mkononi

Filamu hii ya Simon Hartog, iliyorushwa na Channel 4 ya Uingereza mwaka 1993, inamhusu Roberto Marinho na televisheni yake ya Globo nchini Brazili. Mara ya kwanza itazame yote bila kuandika, ikikukasirisha, kasirika. Mara ya pili shika kalamu, daftari na saa ya kuhesabu sekunde.

Ukifika kwenye mdahalo wa Desemba 1989 kati ya Collor na Lula, wagombea wawili wa urais wa Brazili, simamisha. Wananchi walikuwa wameuona mzima. Shida ilianza kesho yake, siku chache kabla ya duru ya pili ya uchaguzi, Jornal Nacional, taarifa ya habari ya Globo, ilipotoa muhtasari: Collor dakika 3 na sekunde 34, Lula dakika 2 na sekunde 22. Hesabu mwenyewe. Ukimwambia mtu kwamba kituo kilipendelea, atabishana nawe hadi usiku. Mwonyeshe zile sekunde 72. Kisha sikiliza vipande vyenyewe, uone nani kachaguliwa akiwa imara na nani akiwa anajikwaa. Hakuna aliyetungiwa maneno. Ni mkasi tu.

Sasa andika pembeni nani anamiliki nini. Watu huparuka hapa, nami naona ndipo penye uzito: familia ya Collor ilikuwa na kituo huko Alagoas, jimbo la Brazili, kilichorusha vipindi vya Globo. Usitafute bahasha ya hongo peke yake. Mwenye televisheni anahitaji leseni kutoka serikalini, mwanasiasa anahitaji skrini, na wanaweza kuelewana bila kuambiana lolote.

Halafu tafuta kilichofunikwa. Tarehe 25 Januari 1984 umati ulijaa uwanja wa Praça da Sé, jijini São Paulo, ukidai rais achaguliwe na wananchi moja kwa moja. Globo iliitambulisha habari hiyo kama sherehe ya kuzaliwa kwa jiji. Kwa tukio la namna hii, linganisha taarifa ya televisheni na magazeti ya siku ileile. Picha peke yake haitakuambia kilichoachwa.

Mwisho, ipime filamu yenyewe kwa saa ileile: wanaompinga Marinho wamepewa dakika ngapi, wanaomtetea ngapi? Mimi huandika namba hizo mbili juu ya ukurasa wa kwanza, na yeyote ninayemwonyesha filamu huzisoma kabla sijaiwasha.